Mbwa Anayewashwa Hanyamazi

Mbwa mchanga akibweka kutwa kucha, kila aliye karibu naye huwa na dawa ya kelele. Mfunge. Mfungue. Mkemee. Mtafutie mwenzake. Ni nadra kumsikia mtu akisema: hebu mgeuze chali umtazame tumbo. Mimi hilo la tumbo ndilo ninaloanza nalo siku hizi, kabla ya lolote linalohusu adabu, na ningependa kueleza kwa nini.

Mbwa wangu Popi ni jike, na mambo haya yalipoanza alikuwa bado hajatimiza mwaka. Alikuwa na nguvu, anakula vizuri, macho yake maangavu. Alibweka kwa kila kitu: hatua za mpita njia, mlango wa jirani, ndege, upepo ukitikisa chochote. Alikuwa pia akijikuna, ila kujikuna kwa mbwa ni jambo ambalo macho hulizoea upesi, kwani hakuna mbwa asiyejikuna. Kilichonionyesha njia ni daftari. Nilianza kuandika saa anazobweka, nikitafuta kinachomchokoza, na pembeni nikawa naandika alivyolala usiku. Muda si mrefu kurasa zikawa zinasema jambo moja. Siku alizobweka bila kukoma zilikuwa zimetanguliwa na usiku wa kuamka, kujikuna, kujitafuna juu ya mkia, kugeuka, kuamka tena. Siku aliyoamkia usingizi wa kushiba, mpita njia yuleyule aliambulia mbweko mmoja au miwili, basi.

Mtoto wa mbwa hulala saa 18 hadi 20 kati ya 24, na akiingia ujana bado mwili wake unadai usingizi mwingi. Muwasho huukata usingizi huo vipande vipande. Mbwa asiyelala hana subira. Kishindo ambacho jana kingemfanya ainue sikio moja, leo kinamrusha wima. Ongeza na ujana wenyewe, ambao kwa mbwa wengi huanza karibu na miezi 6 na huweza kuendelea hadi mwaka na nusu. Ni kipindi ambacho mbwa huanza kulinda eneo lake na kushtukia hata vitu alivyokwisha kuvizoea. Mnyama wa namna hiyo, tena mwenye ngozi inayomchoma, yuko tayari kubweka kwa lolote.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, walichapisha utafiti uliolinganisha mbwa wenye ugonjwa wa ngozi wa mzio (aleji) na mbwa wenye ngozi nzima. Kadiri muwasho ulivyokuwa mkali, ndivyo wenye mbwa walivyoripoti zaidi tabia zinazokera: kutafuna vitu, kuhangaika bila kutulia, kupanda mbwa wengine au miguu ya watu, kuiba chakula, kudai kuangaliwa kila mara, na ugumu wa kufundishika. Utafiti wa aina hiyo huonyesha kwamba mambo mawili yanakwenda pamoja. Hauthibitishi lipi limezaa lingine. Hata hivyo, hilo la ugumu wa kufundishika lilinigusa sana. Ni mbwa wangapi wanaitwa wakaidi, wanachapwa, wanagawiwa kwa watu wengine, na kumbe akili yao yote iko kwenye kwapa linalowaka?

Mambo haya huenda pande zote mbili, na ni vizuri kulijua hilo mapema. Mbwa mwenye wasiwasi hujikuna hata pasipo mdudu wala kipele. Akiwa katikati ya jambo linalomchanganya, kwa mfano mgeni anamnyooshea mkono naye hajui akubali au akimbie, ataketi ghafla ajikune shingo mara mbili tatu, kisha aendelee. Hiyo ni dalili ya mawazo. Muwasho wa ngozi una sura nyingine: unamjia akiwa peke yake, akiwa ametulia, akiwa usingizini. Unamkatisha hata mchezo na chakula. Ukiona mbwa anaacha bakuli lenye chakula ili ajikune, jua ngozi inasema.

Tena mahali anapojikuna pana habari nyingi kuliko kiasi anachojikuna.

Kwa Popi palikuwa juu ya mkia. Mgongo unapoishia, kiuno, mapaja kwa nyuma: muwasho ukijikusanya nusu ya nyuma ya mwili, washukiwa wa kwanza ni viroboto, na kutowaona si ushahidi kwamba hawapo. Kiroboto anayepatikana zaidi kwa mbwa ni yule aitwaye kiroboto wa paka. Mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto hahitaji kuumwa na wengi. Wachache tu wanatosha kumkosesha raha kwa siku kadhaa. Naye mwenyewe, kwa kujilamba na kujitafuna, huwameza hao hao ambao ungewatumia kama ushahidi. Kipimo ninachokiamini ni hiki: chana manyoya kwa kitana chenye meno ya kubanana, kung'uta kinachotoka juu ya karatasi laini nyeupe, kisha ilowanishe kidogo. Vichembe vikibaki vyeusi, ni vumbi. Vikitoa doa la wekundu wa kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mbwa wako iliyokwisha kumeng'enywa.

Halafu kuna hesabu inayowashinda wengi. Viroboto wazima unaowaona juu ya mbwa ni takriban asilimia 5 tu ya wote waliomo nyumbani. Waliobaki ni mayai, mabuu, na wale waliojifunga ndani ya vifuko wakisubiri kukomaa. Jike mmoja huweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku, na mayai hayo hayanati kwenye manyoya. Huanguka popote mbwa anapolala na anapopita. Mabuu hukimbia mwanga, wakajificha kwenye nyufa za sakafu, chini ya zulia, kwenye mishono ya godoro lake. Wakishajifunga vifukoni dawa nyingi haziwafikii, na wanaweza kungoja humo miezi kadhaa mpaka wahisi joto, mtikisiko au pumzi ya kiumbe anayepita. Ndiyo maana mtu humwogesha mbwa leo, akapumua kwa wiki moja, muwasho ukarudi, akaamini ameuziwa dawa bandia. Dawa ilifanya kazi; nyumba ndiyo iliyoendelea kuzaa. Inabidi kila mbwa na paka wa hapo atibiwe kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa dawa yake, matandiko yafuliwe kwa maji ya moto wa nyuzi 60, sakafu na nyufa zifagiliwe au zifyonzwe vumbi mara kwa mara, na kinga iendelee angalau miezi 3 bila kuruka. Kwetu kazi hii ya kufua na kufagia ndiyo iliyoleta usiku wa kwanza wa usingizi mzima, na sijaona njia ya mkato.

Muwasho ukiwa kwenye kingo za masikio, viwiko, visigino vya miguu ya nyuma na tumbo, tena mkali kiasi cha mbwa kushindwa kutembea hatua chache bila kusimama ajikune, fikiria upele unaoletwa na utitiri wa sarkoptesi. Sugua ukingo wa sikio taratibu kwa vidole vyako. Wengi wa mbwa hawa huanza kurusha mguu wa nyuma papo hapo. Daktari atakwangua ngozi na kutazama kwa hadubini, lakini utitiri huu hujichimbia ndani na mara nyingi haupatikani, kwa hiyo usishangae akianza matibabu hata kama hakuuona. Watu wanaombeba mbwa huyo wanaweza kutokwa na vipele vinavyowasha mikononi na tumboni. Kwa kawaida huisha mbwa akishatibiwa, ila kama vinaendelea, muone daktari wa binadamu.

Ndugu yake, demodeksi, huwatia watu hofu kuliko anavyostahili. Mbwa karibu wote wanaye kwenye ngozi. Walimpata kwa mama katika siku za kwanza za kunyonya. Kwa mbwa mchanga ambaye kinga ya mwili haijakomaa anaweza kuzidi, na hapo utaona madoa yaliyonyonyoka manyoya kuzunguka macho, midomo na miguu ya mbele. Hayawashi sana mpaka bakteria waingie. Yakiwa machache, mara nyingi hupona yenyewe. Yakienea mwili mzima ni habari nyingine, na hiyo inahitaji matibabu ya kweli. Hawaambukizi watu.

Bakteria na fangasi, wale wanaoleta harufu nzito, mafuta mafuta, vipele vyenye usaha na vigaga vya duara, kwa kawaida huja nyuma ya tatizo jingine. Wasafishe, ndiyo, maana wao wenyewe wanawasha vikali. Shampuu yenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, hufanya kazi vizuri ikiachwa juu ya ngozi dakika 10 kabla ya kusuuzwa kwa maji ya vuguvugu. Wengi huisuuza papo hapo, na faida yake inakwenda na maji. Lakini wakiondoka kisha wakarudi tena na tena, kuna kilichowafungulia mlango.

Mara nyingi kilichofungua ni mzio. Mzio wa vitu vya mazingira, kama chavua na utitiri wa vumbi la nyumbani, hujionyesha zaidi kati ya umri wa miezi 6 na miaka 3. Mbwa hulamba nyayo mpaka manyoya yanageuka rangi ya kutu, husugua uso kwenye zulia, hukuna makwapa, masikio humuuma mara kwa mara. Mzio wa chakula hufanana nao kiasi kwamba kwa macho huwezi kuwatenganisha. Hushukiwa zaidi pale muwasho unapoanza kabla ya mwaka mmoja, hauna msimu, na tumbo nalo lina vurugu. Vyakula vinavyotajwa sana ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano, yaani vile ambavyo mbwa wengi hulishwa kila siku. Vipimo vya damu, mate na nywele vinavyouzwa kwa ajili ya hili haviaminiki. Njia inayoaminika ni ya zamani na ya kuchosha: chakula cha majaribio ambacho mbwa hajawahi kukila, au kilichotengenezwa maalumu na protini yake kuvunjwavunjwa, kwa wiki 8, bila kitu kingine chochote kuingia kinywani. Muda huo unatosha kuonyesha nafuu kwa zaidi ya asilimia 90 ya mbwa wenye mzio wa chakula. Kisha unarudisha chakula cha zamani na kuangalia kama muwasho unarudi, kwani bila hatua hiyo hujui ni chakula kilichomponya au ni majira yamebadilika. Nyumba yote lazima ikubaliane. Kipande kimoja kinachodondoshwa chini ya meza kinaweza kuharibu kazi yote.

Nina jambo ambalo naomba lizingatiwe hata kama mengine yote yatasahaulika. Ngozi ya mbwa mchanga isipakwe kila kinachosemwa. Mafuta ya taa, oili chafu ya injini, dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyokadiriwa kwa macho: vyote hivi huunguza ngozi, na mbwa hujilamba, kwa hiyo kinachopakwa nje kinaishia tumboni. Ivermektini, dawa ya kuua vimelea, kwa dozi ya mifugo inaweza kumtia mbwa sumu ya ubongo, na mbwa wa jamii ya Collie pamoja na ndugu zao wengi wana hitilafu ya kurithi inayowafanya wadhurike hata kwa dozi ambayo mwingine angeistahimili. Dawa za mbwa zenye permetrini, sumu ya kuua wadudu, huweza kumuua paka wa nyumba hiyo hiyo. Vidonge vya maumivu vya binadamu, ibuprofeni na parasetamoli, visiwe kabisa sehemu ya mpango.

Kuhusu dawa za daktari, kuna moja inayorudi moja kwa moja kwenye kubweka. Steroidi kama prednisoloni hutuliza muwasho haraka, na kuna nyakati zinahitajika kweli. Humfanya mbwa anywe maji mengi, akojoe sana, na awe na njaa ya kupindukia. Hayo watu wengi wanaambiwa. Wasichoambiwa mara nyingi ni kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta wenye mbwa waliokuwa wakitumia dawa za jamii hiyo wakiwaeleza mbwa wao kuwa na wasiwasi zaidi, wepesi wa kushtuka, wakali mbele ya chakula, na wepesi zaidi wa kubweka. Kwa hiyo mbwa akianza vidonge hivyo na kelele zikapanda, usimwadhibu na usikatishe dawa ghafla, maana kukatisha ghafla kuna hatari yake. Mwambie daktari. Zipo njia nyingine, ingawa umri nao unaamua: oklasitinibu, kidonge cha muwasho kisicho steroidi, hakiruhusiwi kwa mbwa aliye chini ya miezi 12.

Tuseme sasa ngozi imetulia. Kelele zitapungua, lakini hazitaisha zote, na hapa ndipo nawaona watu wakikata tamaa bure. Mbwa aliyebweka miezi kadhaa amejifunza. Fikiria anachokiona yeye: mtu anapita nje, yeye anabweka, mtu anatokomea. Kwake kila mpita njia amefukuzwa, na kazi imefaulu kila siku bila kukosa hata mara moja. Hakuna zawadi unayoweza kumpa inayoshinda ushindi wa namna hiyo, kwa hiyo nilianza kwa kumpunguzia ushindi. Nilimzibia sehemu ya chini ya dirisha asione njia, na kitanda chake nikakihamishia chumba cha ndani. Watu huona hii kama kukwepa mafunzo. Kwangu ndiyo iliyoyawezesha, kwa sababu mbwa hawezi kujifunza kutulia huku anarudia mara nyingi kwa siku kile unachotaka akisahau.

Baada ya hapo ndipo zikaja zawadi za ukimya. Sauti ya nje inasikika kwa mbali, bado hajabweka, anapata kitafunio. Inasikika tena, anapata tena. Baada ya muda alianza kusikia hatua na kunigeukia mimi badala ya kuukimbilia mlango. Siri yote iko kwenye umbali na sauti ndogo: ukisubiri mpaka ameshapandwa na mori, hasikii na hata chakula hakioni. Kumfokea hakukuwa na faida. Mtu akipiga kelele wakati mbwa anabweka, mbwa anaona mwenzake naye amejiunga.

Kubweka kwa kudai ni jambo lingine, na dawa yake ni tofauti. Huyu anakutazama usoni, anabweka, ananyamaza kuona utafanya nini, anabweka tena. Akipata alichotaka hata mara moja kwa siku kadhaa, ataendelea kwa bidii zaidi kuliko angepata kila mara. Ukiamua kutomjibu, jiandae: kelele huongezeka kwanza kabla ya kupungua, na anayekubali kushindwa katikati ya ongezeko hilo amemfundisha kwamba kelele kubwa ndiyo inayolipa. Mpe unachotaka kumpa akiwa kimya, tena mapema. Mbwa aliyepata muda wa kunusanusa nje kwa nafasi, bila kuvutwa kamba, na kitu cha kulamba au kutafuna anaporudi, anakuwa na machache ya kudai. Kujikuna nako kunaweza kugeuka kuwa dai: ukimkimbilia na kusema "acha!" kila anapoinua mguu, atakumbuka kwamba mguu ukiinuka wewe unakuja.

Kola za umeme nazipinga kabisa. Mbwa akichomwa wakati anamtazama mtoto wa jirani, anaweza kuunganisha maumivu na mtoto huyo, na hapo umetengeneza hofu mahali palipokuwa na kelele tu. Kwa mbwa mwenye ngozi mbovu ni ukatili wa ziada, maana ncha zake hukaa zikikandamiza shingo na huweza kutoboa vidonda. Hata kola ya kawaida ivue mara kwa mara utazame chini yake; unyevu ukijifungia hapo ngozi huvimba na kuwasha.

Anayebweka na kulia pale tu anapoachwa peke yake, akikwangua mlango, akidondosha mate, akijikojolea, huyo ana hofu ya upweke. Mbinu za kupuuza na za zawadi za ukimya hazimfai. Anahitaji kuzoeshwa kuachwa kwa sekunde, kisha dakika, kamwe isipite kiwango anachokimudu, na mara nyingine anahitaji msaada wa dawa. Acha simu ikirekodi unapotoka. Picha hizo zitakuambia katika robo saa kile ambacho majirani wasingeweza kukueleza kwa mwezi.

Na unapokwenda kwa daktari wa wanyama nenda na video mbili, ya kujikuna usiku na ya kubweka mchana, maana mbwa akifika kwenye meza ya daktari huganda kwa woga asionyeshe chochote. Usimwogeshe siku hiyo wala siku mbili tatu kabla. Utakuwa umeosha kinachotakiwa kuonekana. Andika kila anachokula, pamoja na vitafunio na dawa za minyoo zenye ladha ya nyama. Sema muwasho ulianza lini, ulianzia wapi mwilini, na kama kuna mtu au mnyama mwingine nyumbani anayewashwa. Akipendekeza steroidi, muulize papo hapo kuhusu chanjo zinazofuata, kwa kuwa mbwa mchanga huwa bado yuko kwenye ratiba ya chanjo na huenda tarehe zikahitaji kupangwa upya.